Kocha wa Kumfaa Leticia

Treni ilipoondoka Chita, Leticia alimwamkia bibi aliyekaa kando yake, akamwonyesha kwenye simu picha ya kocha aliyefikiria kumchagua. Leticia alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa siku moja.

"Ana medali nyingi, bibi."

"Amekuuliza unaogopa nini?"

"Hapana. Amenitumia ratiba ya mazoezi tu."

"Basi hakujui, mjukuu wangu. Hakuna mwingine?"

Leticia akamsimulia kuhusu kocha Fridolin, ambaye hakuwa na medali hata moja. Siku ya kwanza ya mazoezi alimkuta Leticia ameng'ang'ania ukingo wa bwawa, akaingia majini na kusimama naye kimya mpaka alipoacha kutetemeka. Leticia aliona aibu, hakurudi tena.

"Huyo ameshakuona ukitetemeka," bibi alisema. "Utamficha nini tena?"

"Lakini mimi nataka kushinda, bibi!"

"Kwanza usizame."

Leticia alicheka mpaka machozi yakamtoka, ila hakukubali. Walibishana hadi treni iliposimama Ifakara. Alimsaidia bibi kushusha kiroba chake cha mchele, kisha akasimama palepale stesheni akapiga simu.

"Kocha Fridolin, bado naogopa maji."

"Najua," akajibu. "Wewe njoo."