Radi na Kioo Ambacho Hakupewa

Zamani, pale kona ya mtaa wa wafua shaba, mjini Kumbakonam, kusini mwa India, palikuwa na benchi la mbao mbele ya kibanda cha kahawa cha mama Sivagami. Siku hizi wanauza simu pale, lakini kila nikipita bado napunguza mwendo. Tulikuwa wanne. Mimi fundi baiskeli, wakaniita Spoku. Ponnusamy, karani mstaafu wa mahakama, tulimwita Jaji. Vaithi alikuwa Redio, kwa kuwa hazimiki. Na Sabesan, mpiga ngoma wa hekaluni na wa harusi za watu, alikuwa Radi: mkono mmoja fimbo, mwingine vidole vitupu, na akianza kupiga njiwa wanahama paa. Halafu kiharusi kikamkamata harusini, ngoma ikiwa bado inaning'inia shingoni. Miezi minne baadaye akaanza kuonekana tena benchini, mkono wa kulia umelala pajani kama wa mtu mwingine. Asubuhi zote tulimkuta ameshakaa.

Wiki moja mjadala ulikuwa kioo. Hospitali moja ya mjini ilikuwa inafanya utafiti, na binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Nachiyar, aliwagawa wagonjwa wa kiharusi kwa bahasha. Nusu walifanya mazoezi ya kawaida. Nusu waliongezewa kioo: mkono mbovu unafichwa nyuma yake, mzima unachezeshwa mbele, na mgonjwa akitazama anaona kama mikono yote miwili inafanya kazi. Radi alivuta bahasha ya mazoezi ya kawaida.

— Kaonewa, alisema Redio. Mtu mwenye mikono kama ile unamnyima kioo?

— Bahasha haimjui mtu, alisema Jaji. Ndiyo haki yenyewe.

— Haki gani. Kioo kinavuta damu, bwana. Damu ni kama ng'ombe, inaelekea inakotazama.

— Si damu, ni ubongo. Ubongo ni kama shahidi wa mahakamani. Mwonyeshe kitu mara tatu, ya nne anaapa alikuwepo.

— Basi na mimi nikifunga kioo kwenye baiskeli, nilisema, tairi lenye pancha litajijaza upepo.

— Cheka tu, Spoku, alisema Redio. Nikuulize: kinyozi kutwa anatazama kioo. Umewahi kusikia kinyozi kapooza?

— Kinyozi wa mtaa wetu alipooza, alisema Jaji.

— Yule alikuwa anatazama wateja.

Mama Sivagami alicheka mpaka akamwaga maziwa. Hata Radi alitabasamu, kwa upande ule wa uso uliobaki mzima. Redio akasogea karibu yake, akashusha sauti.

— Sikiliza. Nimeshaongea na kinyozi. Ana kioo kikubwa cha zamani, jioni nakuletea nyumbani. Huyo binti hatajua kitu.

Siku hizo Radi alikuwa anaongea taratibu, neno moja baada ya lingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Tulijifunza kumsubiri.

— Hapana, alisema.

— Kwa nini?

— Ataandika kwamba nimepona kwa mazoezi matupu. Ataamini. Halafu kuna mtu huko, mpiga ngoma kama mimi, ataugua kesho. Watamwambia kioo hakina faida. Kwa uongo wangu.

— Mtu mwenyewe humjui.

— Simjui. Ndiyo maana sitaweza kumwomba radhi.

Redio alizungusha kikombe chake mkononi. Kisha akasema, bila mzaha kabisa:

— Mimi nilitaka nikusikie tena, basi.

Jaji ndiye aliyeanza kukumbusha, kwamba kwenye harusi yake yeye Jaji, Radi alipiga mpaka mama mkwe akatikisa mabega, mwanamke ambaye kwa miaka yote iliyofuata hakuwahi kumchekea mkwewe. Mimi nikakumbusha ile harusi ya mvua, turubai lilipoanguka na wageni wakabaki wamesimama kwenye maji hadi magoti, hakuna aliyetaka kuondoka kabla hajamaliza. Radi alisikiliza akiwa amefumba macho.

Ndipo Nachiyar alipotokea, jalada kwapani, viatu vimejaa vumbi. Alitusalimia wote kwanza.

— Mzee Sabesan, umekosa mazoezi Jumanne mbili. Ni kwa ajili ya bahasha?

— Hapana, mwanangu. Mke wangu yuko mjini Salem, binti yetu amejifungua. Ngazi ya basi ni ndefu. Peke yangu siwezi.

— Ungetuambia, ndugu yangu, alisema Jaji.

Radi alitazama chini. Nachiyar akatugeukia.

— Na hapa anafikaje? Nyumbani kwake nimefika. Kuna ngazi kumi na mbili mpaka barabarani.

Redio alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Jaji.

— Sisi tukija tunamkuta, nilisema.

— Na kuondoka?

— Tunamwacha.

Binti hakutugombeza. Aliandika kitu kwenye jalada lake, akamwomba mama Sivagami kahawa.

Kesho yake niliamka kabla ya adhana na kabla ya kengele za hekalu, nikaenda mtaani kwa Radi. Nilimkuta ngazini. Alikuwa anashuka ngazi kwa makalio, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine, mguu mbovu akiuvuta kwa mkono wa kushoto. Alipofika chini alijikung'uta shuka lake jeupe alilojifunga kiunoni, likawa safi kama tulivyozoea kuliona. Hapo ndipo alipotuona sote watatu: Redio na Jaji nao walikuwa wamesimama ng'ambo ya barabara.

— Mmepotea? alituuliza.

Redio alivuka, akasimama upande wake wa kushoto, akamshika mkono.

— Taratibu, alisema Radi. Utanivunja na huu uliobaki.

Tulitembea dakika arobaini mpaka benchini. Jumanne tulimpandisha basi, na kila Jumanne iliyofuata, tukipokezana, mpaka utafiti ulipokwisha na hata wale wa bahasha yake wakapewa kioo. Ngoma hakuipiga tena. Mkono uliishia kwenye kufunga kifungo cha shati. Siku ya kwanza alipokifunga nilikuwepo, kwenye chumba cha mazoezi. Nachiyar alikuwa ameinama akiandika, hakuona. Radi alimtazama kidogo, akakifungua, akasubiri mpaka binti ainue kichwa, ndipo akaanza kukifunga upya.