Raphael Mwau Nyamai, Aliyengojea Nyuki

Jumatano tarehe 11 Oktoba 2023, asubuhi, nilikuwa dukani kwangu Kasikeu nikimpimia mteja misumari. Simu ikalia, nikaona ni shemeji yangu Wangechi. Hakuuliza habari. Alisema tu, "Mutisya, funga duka." Yule mteja, ambaye ni mzee wa kanisa, alinitazama usoni, akairudisha misumari kwenye ndoo yeye mwenyewe, akavua kofia. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kaka yetu mkubwa ametutoka.

Marehemu Raphael Mwau Nyamai alizaliwa tarehe 14 Septemba 1968 nyumbani hapa Ikutha, Kaunti ya Kitui. Alikuwa kifungua mimba wa hayati mzee Nyamai na mama yetu Ndululu, ambaye tuko naye hapa mbele. Alifuatwa na sisi wanne, na mimi ninayesoma ndiye kitinda mimba. Baba alikuwa mrina asali. Alichonga mizinga ya magogo, ile tunayoiita mwatu, na kila mzinga aliutia alama ya ukoo wetu kwa chuma cha moto, ili mpita njia ajue mwenyewe ni nani. Kabla Mwau hajaanza shule alikuwa tayari akisimama chini ya mti kumshikia baba kamba.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha akaenda shule ya upili ya bweni kule Kitui mjini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987. Ndani ya sanduku lake la shule aliweka kipande cha nta ya nyuki, ili akikumbuka nyumbani akinuse. Mwanafunzi mwenzake alikidhani ni sabuni, akaingia nacho bafuni. Mwau alicheka kisa hicho mpaka uzeeni, lakini siku ile, alituambia, alilia.

Mwaka 1988 aliajiriwa na chama cha ushirika cha wafugaji nyuki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masoko ya Kitui kwa baiskeli akifundisha watu kurina bila kuchoma nyuki wala miti. Mshahara ulikuwa mdogo na mara nyingine ulichelewa, lakini wote waliomjua wakati ule wanasema alikuwa akiimba njiani. Alipenda kusema kwamba ng'ombe utamnunua sokoni, lakini nyuki hauzwi. Unasafisha mzinga, unaufukiza moshi, unaupaka nta ndani, unautundika. Baada ya hapo kazi yako ni kungoja. Wakipenda, wataingia.

Februari 1991 baba yetu alifariki. Mjomba wetu akaleta habari kwamba kiwanda kimoja cha saruji kule Athi River kinatafuta vijana waliomaliza kidato cha nne, na malipo ni mazuri. Mama alimwita Mwau jikoni, akamwambia, "Nyuki ni wazuri, mwanangu. Lakini nyuki hawalipi karo." Mwau alitoka akaenda kwenye mizinga ya baba, akakaa huko mpaka jua likashuka. Aliporudi alisema, "Nitaenda. Mpaka Mutisya amalize shule." Mimi nilikuwa darasa la tatu.

Alifanya kazi kiwandani tangu Agosti 1991 hadi mwaka 2020. Alianza kwa kupakia magunia, akapandishwa mpaka akawa msimamizi wa zamu. Kwa jasho lake sisi wanne tulisoma, mama akajengewa nyumba ya matofali na tangi la maji. Hakuna aliyewahi kumsikia akiinung'unikia kazi ile. Lakini nyuma ya nyumba za wafanyakazi, kila mwaka, jioni za Jumapili, alichonga mzinga mmoja. Wenzake walimtania, "Mwau, unachonga mtumbwi? Umeota mafuriko?" Naye alijibu, "Ni nyumba. Wenyewe hawajafika." Kila Desemba aliufunga mzinga huo juu ya basi, akaja nao, akautia alama ya baba, akautundika, na Januari akarudi kazini kabla ya kuona kama kuna nyuki.

Siku hizo hatukuwa na simu. Mwau alituma salamu kupitia dereva wa basi la kuja huku, Bwana Njogu, na swali lilikuwa moja: "Muulize mama, wameingia?" Mama alijibu kupitia Njogu huyo huyo: "Bado." Abiria wa kila siku walilijua swali hilo, na wengine walimjibia mama kabla hajafungua mdomo.

Mama ameniomba nisome pia jambo hili. Desemba 1995 Mwau alifika nyumbani, akaenda mitini kabla ya kunywa chai. Hakuhitaji kupanda. Mizinga ilikuwa ikivuma, na mmoja ulikuwa ukidondosha asali mpaka kwenye majani. Alirudi akasimama mlangoni, akamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, hawa nyuki wameingia lini?"

Mama aliendelea kuchambua pojo. "Mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili! Na kila mwezi unaniambia bado?"

"Wadogo zako watatu wako shuleni. Ningesema wameingia, ungebaki kule?"

Mwau aliketi juu ya kigoda, akanyoosha miguu, akaanza kumsaidia kuchambua. Mwishowe akasema, "Nisingebaki. Basi endelea kusema bado."

Tangu siku hiyo hakuacha kuuliza, na mama hakuacha kusema bado. Simu za mkononi zilipokuja, lilikuwa neno la kwanza kabla ya salamu, na wote wawili walikuwa wakicheka. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2000, nikampigia kumwambia kwamba sasa yuko huru. Alinipongeza. Lakini wakati huo alikuwa na watoto wake mwenyewe wa kusomesha.

Mkewe Wangechi, binti wa mzee Kinyanjui, mfanyabiashara wa Kambu, alimpata kwa sababu ya usingizi. Desemba 1994 Mwau alikosa basi la Njogu, akapanda la Mombasa, akalala na kupitishwa Kibwezi, alikopaswa kushuka. Alishtuka yuko Kambu, gogo lake limeshushwa kando ya barabara. Aliomba kuliacha katika duka la karibu. Msichana wa dukani akamuuliza, "Na hilo gogo lako, linalala bure?" Wangechi hueleza hivi: "Aliniachia gogo, akarudi na posa." Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Agosti 1996. Mungu aliwapa watoto wawili, Nyamai na Yvonne. Miaka mingi ya ndoa yao Wangechi aliishi na mumewe kule Athi River alikofanyia kazi, akijua kwamba moyo wa mtu wake umetundikwa juu ya mti huku Ikutha. Hakumwonea wivu. Alishona mifuko ya kuchujia asali kabla ya kuwa na asali ya kuchuja.

Mwaka 2020, Yvonne alipomaliza chuo, Mwau alistaafu mapema, akarudi nyumbani kabisa. Asubuhi ya kwanza alimuuliza mama kama wameingia. Mama akamwambia, "Siku hizi una macho na miguu. Nenda ukajionee." Tulicheka sote. Alikwenda, na akakuta mizinga mitupu. Mvua zilikuwa zimeanza kutukimbia. Miaka iliyofuata miti haikutoa maua, na nyuki walihama wakatafuta maji mbali. Mwau hakuiacha mizinga. Aliishusha, akaisafisha, akaifukiza, akaipaka nta, akaitundika tena. Majirani waliomwambia auze magogo kwa wachoma makaa aliwajibu kwa upole kwamba nyumba ya mtu haiuzwi akiwa safarini.

Januari 2023 alianza kukwamwa na chakula kooni. Mwezi wa Aprili tuliambiwa ni saratani ya umio. Alipata matibabu Nairobi, kisha Makindu, na aliyapokea kwa sala na uvumilivu. Septemba, nguvu zikiwa zimekwisha, aliwekewa kiti nje, akamwelekeza Nyamai kuandaa mizinga yote kwa mvua za Oktoba. Tarehe 28 Septemba alilazwa Makindu, na hakurudi tena.

Ameacha mama yake Ndululu, mjane wake Wangechi, watoto wake Nyamai na Yvonne, mjukuu wake Kagure, na sisi wadogo zake wanne ambao alitusomesha. Familia inawashukuru wauguzi, jumuiya yetu ya kanisa, wenzake wa kiwandani walioamka alfajiri kufika hapa, na Bwana Njogu, ambaye leo amekuja kama abiria.

Jumapili tarehe 8 Oktoba, baada ya misa, tulimpeleka mama Makindu kumwona. Asubuhi hiyo mama alikuwa amesimama chini ya kila mzinga kusikiliza, na haukuvuma hata mmoja. Mwau alifungua macho, akamtambua.

"Mwaitu. Wameingia?"

Mama alimwambia ukweli. "Bado, mwanangu."

Mwau alitabasamu. Alimtazama Wangechi, kisha mimi, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Mama yenu huyu," akasema kwa ile sauti iliyobaki, "hajaacha uongo."

Mama hakumbishia. Alimfuta midomo kwa pamba yenye maji, akamshika mkono, tukasali Baba Yetu pamoja. Muuguzi akatuambia saa za kuona wagonjwa zimekwisha. Mama akamfunika miguu. Tukamuaga, tukatoka.

Ingia upumzike, kaka. Mungu akupokee.