Joséline Atalala Wapi?

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni asogee, na jirani akigonga mfungulie, leo tusikilize wengi. Tunamkumbuka Joséline Benedikto. Mwandishi wa riwaya. Binti wa Mishamo, mke wa watu wa Sibwesa, jirani yetu hapa Mpanda. Alifariki Jumatano kwa ugonjwa wa moyo. Na mpaka Jumamosi mchana, jeneza likiwa ndani ya gari, hakuna aliyejua atalala wapi.

Nianzie kwenye mapenzi, maana hata yeye riwaya zake alianzia huko. Ng'ombe wa Machibya, kijana aliyekuja kumuoa baadaye, waliingia shamba la maharage la kina Joséline. Maharage yakaisha. Machibya mwenyewe anasimulia: "Nilienda kuomba radhi, akanitukana vizuri sana. Kesho yake nikarudi nitukanwe tena." Binti wa Kirundi na kijana wa Kisukuma, mkulima na mfugaji. Nyie mnajua maneno yaliyosemwa. Wakaoana hivyo hivyo, wakakaa Sibwesa kwa mama mkwe, Ng'washi. Wakampata binti yao, Lidia. Lidia hakufikia hata kutembea. Homa ikamchukua, akazikwa pale pale kwenye kaya ya bibi yake.

Baada ya msiba ule Joséline hakuweza tena kukaa Sibwesa. Wakaja mjini, akaanza kuandika. Riwaya tatu, wasikilizaji wapendwa. Zote za mapenzi, msiba, na mtu anayetafuta mahali pa kupaita nyumbani. Wala hakujifungia ndani kuandika. Aliwasomea majirani uani wakimenya mihogo, nao wanamkatiza: "Huyo mwanaume aachwe, hafai!" "We Épiphanie, muache mwenzio apendwe!"

Shida ilikuja na riwaya ya tatu, *Kibuyu cha Mkwe*. Humo yumo mama mkwe anayemnyima maziwa mke wa mwanawe tangu mtoto afe. Eeh! Sokoni hawakungoja hata kufika katikati ya kitabu. "Umeona alivyomwanika mkwe wake?" Huku kwetu ukiandika mama mkwe, basi ni wako. Maneno yakapanda pikipiki, yakafika Sibwesa kabla ya kitabu. Ng'washi hajui kusoma. Alichosikia ni kwamba ameanikwa mjini. Simu ya Joséline hakuipokea tena.

Nilimuuliza Joséline hapa hapa studio. Akasema, "Yule siyo mama. Mama alinipa maziwa kila asubuhi. Yule ni woga wangu, nimemwandika ili aniache."

Sasa sikilizeni. Wodini alimwambia mumewe, "Nipeleke kwa Lidia." Basi. Lakini kaya ile ina desturi yake: kaburi halichimbwi mpaka mwenye kaya apige jembe la kwanza. Baba mkwe alishatangulia. Mwenye kaya ni Ng'washi.

Tulifika Sibwesa, tukakuta vijana wamekaa, majembe miguuni. Hakuna kaburi. Narudia, hakuna kaburi. Ng'washi yuko ndani, kafunga mlango. Nestori, kaka wa marehemu, akamwambia dereva, "Usizime gari. Kama hawamtaki, Mishamo tuna ardhi." Gari likabaki linanguruma na jeneza ndani. Wingu la mvua lilikuwa limeshatanda juu ya mashamba.

Machibya akapiga magoti mlangoni. "Mayu," kama Wasukuma wanavyomwita mama, "tumekuja naye."

Akagonga mlango.

"Mayu, mtoto wako yuko nje."

Mlango haukufunguliwa. Nestori akafungua mlango wa gari. "Shemeji, inuka. Imetosha."

Ndipo Ng'washi akatoka. Hakutusalimia. "Yule mama wa kwenye kitabu," akauliza, "mwisho alifanyaje?"

Wasikilizaji wapendwa, akina mama wa sokoni tuliokuja nao wakaangalia chini. Midomo yote ile, hakuna aliyefika mwisho! Ni Épiphanie tu, jirani wa uani, aliyesikia kitabu chote.

"Alimfuata mkwe wake mjini, Mayu. Na maziwa alibeba."

"Akamkuta?"

"Alikuta ameshahama."

"Alichelewa."

"Alichelewa, Mayu."

Ng'washi akachukua jembe la kijana aliyekuwa karibu, akaenda hadi kwenye kaburi dogo la Lidia, akapiga ardhi. Vijana wakaanza kupima hatua. Akawafokea: "Sogeeni! Karibu zaidi. Msiwawekee nafasi katikati."

Nestori akamgeukia dereva. "Zima gari."

Pole sana Machibya. Pole Mayu Ng'washi. Pole Nestori na ndugu zetu wote wa Mishamo. Joséline Benedikto amezikwa Sibwesa, ubavuni mwa mwanawe. Mungu awapumzishe wote wawili.

Na wewe uliyeacha kupokea simu ya mtu kwa maneno uliyoletewa, swali langu ni dogo. Yeye mwenyewe ulimuuliza? Huenda sasa hivi simu yake iko mkononi, anasita kukupigia kwa mara nyingine. Punguza redio. Mimi sitakasirika. Mpigie.