Kibuyu cha Mafuta cha Simaloi

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi, poleni na baridi hii inayoshuka kutoka Meru. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Kiarusha aliyeishi enzi za Mjerumani. Jina lake Simaloi. Habari zake tulipewa na mjukuu wake, Bibi Nosim, na Bibi Nosim mwenyewe tumemzika Jumamosi iliyopita. Alitusisitizia, "Msimpambe bibi yangu. Semeni kama ilivyokuwa."

Basi tuseme. Simaloi alikuwa mjane mwenye binti, na mtoto wa kiume mmoja tu, Lemburis. Kijana huyo alikuwa ametembea. Aliwahi kuswaga ng'ombe hadi Nairobi, kwa Mwingereza, na huko akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitali. Aliporudi hakuchoka kuisifu. "Yeyo," alimwambia mama yake, "asubuhi uji, jioni maziwa. Hata binamu yangu waliruhusu akae karibu na kitanda!" Simaloi aliyaweka moyoni. Kwake, hospitali ikawa mahali pa kulishwa.

Mwaka uliofuata, huko Momela, nyati akampiga Lemburis pembe ya tumbo. Mjomba wake, Kisioki, akambeba na wenzake kwa machela ya matawi mpaka hospitali moja ya Wajerumani. Daktari akampasua, akamshona. Kisha akatoa amri: asile, asinywe. Amri ilitoka kwa Kijerumani, ikapita kwa msaidizi wake, Sefu, mtu wa Pangani, ikamfikia Lemburis kwa Kiswahili. Amri ilifika. Sababu haikufika.

Jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Simaloi alimwona mwanawe kupitia dirisha, midomo imekauka, anaomba maji.

"Yeyo, Mwingereza alinilisha," Lemburis akamwambia. "Huyu ananiua kwa njaa."

Mnaozijua mila za Waarusha mmeshajua kilichofuata. Mgonjwa huchinjiwa kondoo. Mafuta yake huyeyushwa, naye huyanywa yangali moto. Asiyefanyiwa hivyo ametupwa. Na Simaloi angemtupaje mwanawe? Kisioki alichinja kondoo, Simaloi akayeyusha mafuta, akajaza kibuyu, akakifunga kwa ngozi kisipoe. Sefu alipokwenda kuswali alasiri, mama akaupitisha mkono dirishani. Lemburis alikunywa mpaka tone la mwisho, akatabasamu. Simaloi akarudi nyumbani moyo umetulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ya nyati.

Kesho yake tumbo lilivimba, likawa gumu kama ubao. Kijana alilia, akanyamaza, akafariki. Inauma, wasikilizaji. Miaka yote hii, bado inauma.

Sefu alipowakabidhi maiti, Simaloi alimwuliza kwa nini walimnyima mwanawe chakula. Kisioki alitafsiri.

"Utumbo ulitoboka, mama," Sefu akasema. "Ulishonwa. Daktari alitaka upone kwanza, maana chochote ambacho kingepita kingevuja."

"Mbona hukusema?"

"Niliambiwa nikataze. Sikuambiwa nieleze."

Ukooni hakuna aliyemlaumu Simaloi. Wote walisema Mjerumani kaua. Yeye hakukubali, wala hakukana. Mafuta ya kondoo hakuyagusa tena. Hata binti yake alipojifungua, kazi ya kumyeyushia mafuta anayonyweshwa mzazi aliwaachia majirani. Huenda jeraha lingemuua Lemburis hata asingekunywa kitu. Sisi hatujui. Simaloi naye hakujua, na kutokujua huko ndiko kulikomla polepole.

Wapendwa, na sisi hatujaacha kulinganisha. Huyu katoka kutibiwa India, yule Nairobi, mwingine kalazwa hapahapa mjini, na tukikutana tunasimuliana mashine na vitanda. Sawa. Mimi nauliza kitu kidogo tu: uliambiwa kwa nini? Wewe muuguzi unayenisikiliza ukiwa zamu, ukimkataza mgonjwa jambo, mweleze na mama yake aliyesimama mlangoni. Na wewe mwenye mgonjwa, uko hospitali ya Levolosi au ya Tengeru, usione haya kuuliza. Tutafakari hilo usiku wa leo.

Familia ya Bibi Nosim, poleni sana. Mwenyezi Mungu awatie nguvu, na marehemu wenu wote wapumzike. Bibi Nosim alituambia kwamba bibi yake, uzeeni, akiota moto jikoni, alikuwa na neno moja alilolirudia, wala halikuwa la kumlaani Mjerumani. Alisema, "Wangeniambia sababu, ningemshika mikono mimi mwenyewe asinywe."