Mipopla Mia Moja Themanini na Minne ya Mzee Wackerle

Bwana Anselm Wackerle, Fundi Mkuu wa Mandhari katika bustani za Mfalme hapa Falkenried, anastaafu tarehe 2 Februari 1869, Siku ya Mishumaa, baada ya miaka arobaini na mitatu ya utumishi. Kwa desturi yetu hiyo ndiyo siku ya mtumishi kufunga sanduku lake na kuhama, kwa hiyo tarehe haikumshangaza mtu. Kilichotushtua ni wiki tatu zilizoitangulia. Sisi wa chumba cha ramani, tulioombwa kuandika wasifu huu, bado hatujatulia, na tunaona si haki kummiminia mzee maneno matamu huku tukiyaruka yaliyotokea.

Tuanze na yanayojulikana. Alikuja mwaka 1826 akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, na hapa palikuwa na kinamasi, malisho ya kondoo na ngazi za mawe zisizoelekea popote. Ziwa tunalolitazama leo alilichimba yeye. Kilima cha magharibi alikisogeza hatua sitini, mkokoteni kwa mkokoteni, ili mnara wa kanisa uonekane kutoka chumba cha kifungua kinywa. Msimu wa baridi kali wa 1838 alihamisha milindeni saba mikubwa, miti ya kivuli, ikiwa na mizizi iliyogandana na udongo wake, kila mmoja ukivutwa na farasi kumi na wawili, na yote saba ipo hai.

Wakongwe wanakumbuka pia kisa cha mashuka. Fundi wa mandhari hupanga miti ambayo bado haipo, na mwenye kasri huona shida kuamini kitu kisichoonekana. Basi Mzee Wackerle akaazima mashuka arobaini kutoka kwa wafuaji, akayatundika juu ya nguzo kila mahali ambapo ungesimama mti. Asubuhi hiyo akafika mgeni, balozi wa nchi jirani. Alipoona vitambaa vyeupe vimeuzunguka uwanja mzima, alimuuliza mlinzi wa lango kwa upole, "Samahani, mmesalimu amri kwa nani?"

Sasa tufike kwenye mipopla. Kila aliyewahi kutembea hapa anaijua: miti mirefu myembamba iliyosimama kama mishumaa upande wa kusini wa ziwa, mia moja themanini na minne. Wapo waliochumbiana chini yake. Mzee aliipanda mwenyewe mwaka 1829, na nyuma yake akapanda mialoni tisini, ambayo kwa kweli hakuna aliyeitazama sana.

Ijumaa tarehe 8 Januari alikuja chumba cha ramani kukabidhi. Anayestaafu hukagua ramani moja moja na kutia sahihi. Alipofika kwenye ile ya ukingo wa kusini alisimama muda mrefu mno. Aliuliza swali moja tu: "Hii nakala ilichorwa lini?" Tukamjibu, mwaka 1849, ya asili ilipokuwa imechakaa. Akatia sahihi, akachukua kofia yake, akatoka. Hatukuelewa kitu.

Jumatatu yake alionekana ukingoni akiwa na nyundo ya alama. Lazima tueleze: nyundo hiyo ina taji kwenye kichwa chake, na mti uliopigwa taji hilo ni mti uliohukumiwa kukatwa. Anayeruhusiwa kuipiga ni Fundi Mkuu peke yake, na Siku ya Mishumaa huikabidhi kwa mrithi wake. Hadi saa sita mchana alikuwa ameipiga mipopla yote, mia moja themanini na minne, bila kuruka hata mmoja.

Habari ilienea kama moto wa mabua. Bibi Walburga Zierer, kiongozi wa wanawake wa palizi, aliacha bakuli lake la supu na kwenda kumkabili.

"Mzee, una homa?"

"Sina."

"Basi una kinyongo. Unaondoka, hutaki tubaki na kizuri."

Msimamizi wa wakataji, Bwana Korbinian Neureuther, aliyefanya kazi naye miaka thelathini, alijaribu njia ya upole. "Mzee Anselm, mtu hamchinji farasi wake siku anayoshuka. Hii umeipanda kwa mikono yako."

"Hii ni yaya, Korbinian," akasema Mzee. "Yaya analea, mtoto anakua, yaya anarudi kwao. Huyu amekaa mpaka anamla mtoto."

"Maneno yako mazuri," akasema Bibi Walburga. "Kwa hiyo wewe na mipopla mnastaafu siku moja?"

"Ningefurahi. Lakini yenyewe imechelewa miaka kumi na miwili."

Tulidhani ni maneno ya uzee. Watu thelathini na mmoja tulitia sahihi barua kwa Mkuu wa Kasri, Baroni von Ettling, kumwomba amzuie. Naye alimzuia. Tarehe 14 misumeno ilirudishwa ghalani, na zikabaki siku kumi na tisa za nyundo kuwa mkononi mwa Mzee Wackerle. Mrithi wake alikwisha kusema waziwazi kwamba hatakata mti unaopendwa na kasri zima.

Jumanne iliyofuata, katika ofisi ya Baroni, Mzee alifika na mkewe, Bibi Mechthild, ambaye alibeba kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha meza. Ilikuwa ramani ya asili ya 1828. Baada ya kuinakili tulimpa Mzee kama kumbukumbu, na mkewe akaihifadhi miaka ishirini chini ya vitambaa vyake. Wakaitandika kando ya nakala yetu.

Kwenye nakala yetu miti yote ni ya kijani. Kwenye ya asili mialoni ni ya kijani, na mipopla ni ya manjano iliyofifia, na pembeni pameandikwa kwa herufi ndogo: manjano iondolewe mwaka 1857.

Wapo miongoni mwetu walioketi chini bila kuruhusiwa.

Wasomaji wasiolima wavumilie maelezo kidogo. Mwaloni mchanga haupendi upepo wala jua kali, na hukua taratibu. Kwa hiyo fundi huupanda pamoja na mti wa haraka unaoukinga. Mti huo wa kinga huwa na siku ya kuondoka tangu siku unapopandwa. Usipoondoka, hunyang'anya mwanga na maji, na mwaloni hufa ukiwa umesimama. Kila mtunza bustani anajua hili. Ila mti wa kinga unapopendeza, na ramani ikausahau, miaka thelathini inatosha kuwafanya hata wajuzi waamini kwamba ndio uliokusudiwa.

"Mwaka 1857 ulikuwa wapi?" Baroni akamuuliza.

"Niliandika, Mheshimiwa. Niliomba wakataji. Nikajibiwa kwa mistari mitatu kwamba kwa mujibu wa ramani mipopla inabaki. Nikadhani Mfalme amebadilisha mpango. Mimi ni nani nimbishie Mfalme? Nilinyamaza. Ijumaa ile ndipo nilipoona kwamba hakuna aliyeamua lolote. Rangi tu ilisahauliwa."

Tumeitafuta barua ya mistari mitatu. Imo katika jalada la mwaka huo, na mwandiko ni wa chumba chetu.

Baroni hakuridhika bado. "Ramani ni karatasi," akasema. "Nionyeshe kwenye mti." Wakaenda ukingoni sote tukifuata, theluji ikitufika magotini. Korbinian akakata mwaloni mmoja uliokwisha kukauka. Mzee akapangusa kisiki kwa kiganja na kutuonyesha pete za umri. Zile za mwanzo zilikuwa na upana wa punje ya ngano. Kumi na mbili za mwisho zilikuwa nyembamba kama nywele, hata Baroni alilazimika kuvaa miwani ili azihesabu. Bibi Walburga alihesabu pia, mara mbili, kisha akafuta pua kwa aproni.

"Nilikuita mwenye kinyongo," akasema.

"Nilisikia," akajibu Mzee. "Shika kamba hii, itatumika."

Ruhusa ilitoka siku hiyohiyo. Wakataji arobaini walifanya kazi siku tisa, na tarehe 30 mpopla wa mwisho ulianguka. Mzee aliita kila mti kwa namba yake kabla haujakatwa. Bwana Neureuther anasema hakuwahi kumwona akiwa na haraka maishani, isipokuwa wiki hiyo.

Wageni watakaokuja kwenye sherehe tunawaonya mapema: mtashtuka. Ukingo wa kusini umekuwa uchi. Mialoni imepinda upande mmoja kama watu waliolala vibaya. Kati ya tisini, ishirini na tisa imekufa, na hiyo tunaijibia sisi wa chumba cha ramani. Iliyobaki ni sitini na mmoja. Mzee anasema haahidi kitu. Mwaloni uliodhulumiwa mwanga huhitaji viangazi vitatu kabla haujaonyesha kama utapona, na kwa sasa mtu yeyote anayesema anajua, anadanganya.

Mzee Wackerle, tunakushukuru kwa ziwa, kwa kilima, kwa milindeni saba, na kwa kutokubali kunyamaza mara ya pili. Utuwie radhi. Unahamia kwa binti yako, mwendo wa nusu siku kwa gari la farasi, na Bwana Neureuther ameapa kukuletea kila Agosti tawi moja la kila mwaloni ulio hai, hata likijaza gari zima. Tunakutakia, wewe na Bibi Mechthild, maisha mema ya viangazi vitatu kwanza. Vingine tutaviomba baada ya kuhesabu matawi.