Katoni Kumi za Bi Nelda

Bi Nelda Presnell alianza kazi katika kiwanda chetu cha mvinyo cha Turkeypen Ridge tarehe 6 Mei 1991, na atastaafu Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni. Tunaomfahamu tunajua ataondoka saa moja usiku, baada ya kupangua na kupanga upya kila rafu ya ghala. Ni miaka thelathini na minne na wiki saba. Katika muda huo amechakaza magari manne na kufanya kazi chini ya wakubwa wawili: marehemu Mzee Lester Triplett, aliyemwajiri, na mwanawe Garland, anayemwogopa.

Mimi niliyepewa jukumu la kuandika haya na kuyasoma katika karamu hii ya kumuaga ni Coy Stamey, mtengeneza mvinyo, na nina miaka ishirini na saba hapa. Nilipokwenda kumuuliza Bi Nelda angependa nitaje nini, aliniwekea sharti moja tu. "Coy, usipoandika ule ujinga wangu wa katoni kumi, sisimami kupokea hiyo saa yenu ya ukutani." Saa ya ukutani ilikuwa siri, lakini kwa Bi Nelda hakuna siri. Kwa hiyo nitaandika.

Alikuja kwetu akitoka banda la kufungashia matufaha lililokuwa huku chini bondeni, na alikuja na mazoea ya huko. Kila anayefunga katoni huandika kwa penseli kwenye mkunjo wa ndani, kabla ya kupaka gundi: herufi za jina lake, tarehe, na hali ya hewa. Mzee Lester alimuuliza hali ya hewa inahusu nini. Bi Nelda akamjibu kwamba mteja akilalamika katoni imefungwa vibaya, yeye atataka kujua kama siku ile vidole vilikuwa na ganzi. Tangu hapo sote tunaandika, hata wageni wa msimu wa mavuno.

Mwaka 1993 alikabidhiwa gari. Sheria ya vileo ya jimbo letu inataka mtengenezaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye duka, na mwenye duka ndiye amuuzie mnywaji. Kiwanda kidogo kama chetu kimeachiwa mlango mmoja: kinaweza kupeleka mvinyo wake dukani chenyewe, mradi kisiwe na msambazaji. Bi Nelda aliuingia mlango huo kwa miguu yote miwili. Kufikia mwaka 2006 alikuwa na maduka na migahawa arobaini na moja kuanzia huku mlimani hadi kule tambarare. Alijua nani anataka mvinyo mtamu, nani mkavu, na nani anajifanya anataka mkavu. Opal Greer, mwenye duka na mke wa shemasi, aliuza mvinyo wetu kuliko mtu yeyote katika kaunti, huku akiapa kwamba hamjui mnywaji hata mmoja.

Sasa ule ujinga. Oktoba 2006 Garland alikuwa amesafiri kwenda harusini, na Bi Nelda ndiye aliyeachiwa kiwanda. Akaja muuzaji mmoja wa kampuni kubwa ya usambazaji, mtanashati, mwenye adabu, akaomba katoni kumi azijaribu katika duka moja la pwani. Huku mlimani tumeshikana mikono kununua ng'ombe, kuuziana mashamba na hata kuposa. Bi Nelda akamshika mkono, akampakilia katoni kumi, na kwa kuwa njia ni ndefu akampa na mkate wa jibini. Karatasi hakuna.

Mwezi uliofuata ilikuja barua ya kampuni ile. Kwa mujibu wa sheria, aliyepokea mvinyo wako kuusambaza bila maandishi yanayotaja eneo lake amekuwa wakala wako wa jimbo zima. Humwachi mpaka uithibitishie tume ya vileo kwamba una sababu ya msingi. Na kwa kuwa sasa tulikuwa na msambazaji, ule mlango wetu mmoja ulikuwa umefungwa. Bi Nelda alitakiwa aegeshe gari lake siku ileile.

Sitaipamba miaka ile. Kampuni ile ilikuwa na chapa za mvinyo maelfu, nasi tulikuwa mwisho kabisa wa orodha. Mwaka wote wa 2007 iliagiza katoni chache kuliko alizokuwa akishusha Bi Nelda kwa juma moja. Rafu zetu madukani zikajaa mvinyo wa watu wengine. Wenzetu wawili wa ghala, Dwight na Lorena, walipunguzwa kazini kabla ya Krismasi, na Bi Nelda aliwapeleka nyumbani mwenyewe kwa gari lile lile lililokatazwa kubeba mvinyo. Kesho yake akaandika barua ya kuacha kazi. Garland aliisoma akiwa amesimama, kisha akairarua. "Wewe ndiye uliyetuingiza, Bi Nelda, na wewe ndiye utakayetutoa. Kesho saa mbili nakutaka hapa." Nasema kwa niaba ya sote kwamba hilo ndilo jambo la busara kuliko yote aliyowahi kufanya Garland.

Miaka mitatu alikaa kaunta akiwamiminia watalii vionjo, nacho kiwanda kikaishi kwa hao watalii. Wakili wetu alitueleza kwamba tume inataka ushahidi, siyo manung'uniko. Kampuni ilikuwa ikisema inajitahidi kutuuza ila wateja hawatutaki, nasi hatukuwa na cha kuionyesha tume.

Februari 2010 simu ikalia. Alikuwa Haskell Midgett, mwenye duka kule pwani, ambaye hatukuwahi kumsikia. "Mama, samahani, huu mvinyo wenu mliutengeneza au mliupika? Nimeletewa katoni mbili, hazinyweki." Bi Nelda akamwomba atazame mkunjo wa ndani. Haskell akasoma: N.P., 11 Oktoba 2006, ukungu. Ilikuwa mojawapo ya zile kumi. Ilikuwa imekaa katika ghala lenye joto miaka mitatu na zaidi, na kampuni haikujisumbua hata kuipeleka lile duka ililoliombea.

Asubuhi yake aliendesha saa saba hadi pwani. Akamwomba Haskell aagize katoni nane za mvinyo uleule, kisha akakaa siku mbili katika nyumba ya wageni akizisubiri. Zilipofika, nane zote zikiwa bado zimefungwa kwa gundi yake, sisi tungezifungua palepale. Yeye hakugusa hata moja. Alizipakia nyuma ya gari zilivyo akarudi nazo, zikakaa chini ya meza yake hadi Aprili. Nilimwuliza itakuwaje kama ndani mna tarehe nyingine. "Coy, mimi nazijua katoni zangu. Wewe shughulika na mapipa."

Siku ya tume nilikwenda naye, na shati langu lililowa jasho kabla hatujaketi. Wakili wa kampuni alikuwa mkali. Alisema penseli ni penseli, mtu yeyote angeweza kuandika tarehe yoyote katika katoni ambazo tayari zimefunguliwa. Bi Nelda hakupandisha sauti. "Kweli, mwanangu. Ndiyo maana hizi nane sijazifungua. Fungua wewe." Wakili akasita, akawatazama wakubwa wake. Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mwenye miwani, aliinuka akachukua kisu cha karatasi, akapasua gundi ya katoni ya kwanza mwenyewe. Akasoma kwa sauti: N.P., 11 Oktoba 2006, ukungu. "Lete nyingine," akasema. Alizifungua zote nane, moja baada ya nyingine, na kila mara alisoma ukungu.

Baada ya siku kumi na tisa tume iliamua kwamba kuuacha mvinyo wetu ghalani miaka mitatu ni sababu ya msingi, na tukawa huru. Bi Nelda alilia pale kwenye maegesho ya kiwanda, nasi tukalia naye, simwonei haya mtu kulisema. Juma lililofuata gari lilitoka. Maduka mengine hayakutupokea tena na hatukuyalaumu, lakini leo tunapeleka katika maduka na migahawa sitini na tatu. Dwight na Lorena walirudi kazini mwaka uleule, na leo wako hapa, meza ya pili.

Kila Januari, kwenye chumba cha chini cha kanisa, Bi Nelda huwafundisha watu wanaofungua viwanda vidogo. Wamepita ishirini na wawili. Wanapata bakuli la maharage, mkate wa mahindi, na somo moja tu: kabla hujampa mtu katoni, andikeni anaipeleka wapi na mtaachanaje.

Lipo jambo moja la mwisho, na ni la mwaka huu. Aprili ilikuja kampuni nyingine ya usambazaji, safari hii watu waungwana kwelikweli, wakiwa na mkataba. Walisikia Bi Nelda anastaafu. Garland alituita sote na kusema wazi kwamba anafikiria kukubali, kwani nani ataendesha? Kisha akamgeukia Bi Nelda, akamwuliza anasemaje. "Mimi naondoka. Semeni ninyi mnaobaki."

Kisha nikasikia mtu anasema ataendesha Jumatatu na Jumanne, na mtu huyo alikuwa mimi, ambaye sijawahi kutoka kwenye mapipa. Lorena akachukua Jumatano. Garland, baada ya kukohoa kidogo, akachukua Alhamisi. Imetubidi tuwe watatu, Bi Nelda, ili kuziba nafasi yako. Tangu siku hiyo umekuwa ukinifundisha kurudi nyuma na gari, na masanduku mawili ya barua ya kando ya barabara yameshavunjika.

Tunakushukuru kwa maili zote ulizoendesha na kwa zile nane ulizokataa kufungua. Tunakuombea afya, bustani yenye nyanya nyingi na miaka mirefu ya kutotii saa yoyote, hata hii tunayokupa. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri utaamka kwa mazoea na kusikia gari linashuka mlimani. Geukia upande wa pili, ulale. Mvinyo utafika.