Oili ya Gia Haiguswi

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi: mbao mbili ndefu juu ya matofali, na upande wa kushoto umezama, kwa hiyo anayekaa huko lazima akaze mapaja asiteleze. Huko ndiko anakokaa Mpole, dereva wa teksi, na hajawahi kuomba tubadilishane. Kinyozi tunamwita Mkasi. Profesa alikuwa tarishi wa ofisi mpaka alipostaafu, na uprofesa wake ni wa kusoma magazeti ya watu. Mama Birika ndiye anayetuuzia kahawa. Mimi natengeneza saa, meza yangu iko hatua tatu kutoka hapo, na jina langu la benchi ni Dakika. Asubuhi ninayoisimulia, teksi ya Mpole ilikuwa gereji, giaboksi imekufa. Mkewe naye alikuwa wodini. Shemeji yetu figo zake zimeacha kazi, na mara tatu kwa wiki lazima asafishwe damu kwa mashine. Mpole ndiye aliyekuwa akimpeleka, kwa gari hilohilo. Siku ya kwanza ya wiki gari likawagomea katikati ya barabara, injini inalia, magurudumu hayaendi. Walipofika hospitali mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine, wakaambiwa warudi keshokutwa. Keshokutwa yenyewe shemeji alibebwa.

Mkasi ndiye aliyeanza.

— Shemeji anaendeleaje?

— Jana alinijua, Mpole akasema. Leo asubuhi alinijua kidogo.

Mambo ya hospitali hatuyawezi. Tukarukia mambo ya gari, maana hayo tunajiona tunayaweza.

— Mimi nasema ni joto, akasema Mkasi. Gari la otomatiki halitaki joto. Giaboksi ile ni kama ubongo, ukiuchemsha umekwisha.

— Acha hizo, Profesa akamkata. Joto lipo tangu tuzaliwe. Wanaotengeneza magari wanaweka kitu humo ndani, kidogo hivi, kinahesabu siku. Siku zikitimia kinakata. Nimesoma.

— Umesoma wapi? Mkasi akauliza.

— Kwenye gazeti.

— Gazeti gani?

— Lilikuwa limechanika juu.

— Basi na hicho kitu kilichanika, akasema Mama Birika, akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Mkasi hakukubali kushindwa na karatasi.

— Hebu fikirini. Gari linapelekwa hospitali mara tatu kila wiki, mwaka wa pili sasa. Halisikii vilio vya watu pale? Linasikia. Hata mtu mzima angevunjika moyo.

— Kwa hiyo gari limeambukizwa? akauliza Mama Birika.

— Sijasema limeambukizwa. Nasema limekata tamaa.

— Hapo umegusa kitu lakini hukijui, akasema Profesa, na alipoketi wima hivyo nilijua linakuja kubwa. Mpole, ukifika hospitali unaegesha wapi?

— Nyuma. Karibu na ukuta wa chumba cha picha.

— Picha za mifupa?

— Ndiyo.

Profesa akapiga goti lake.

— Basi hilo ndilo. Mionzi. Inapita ukuta, inapita bati, inaingia kwenye oili ya gia inaikata kama maziwa. Oili ikishakatika, gia itashika nini?

Mimi siku nyingine ningecheka. Mpole hakucheka. Alimgeukia Profesa, uso wote umechoka.

— Kwa hiyo ningekuwa naegesha mbali, lisingekufa?

— Hatua mia kutoka ukutani. Angalau.

— Na mgonjwa angetembea hizo hatua mia?

— Unamshusha mlangoni kwanza, halafu unaondoka.

Mpole akaitikia kwa kichwa polepole, na nikaona anaiweka akilini. Ndivyo alivyo huyu bwana. Ukimwambia neno, analipeleka nyumbani. Moyo ukaniuma, maana najua ni maneno mangapi ya benchi hili yako nyumbani kwake.

— Dakika, leo umemeza nini? Mama Birika akaniuliza. Siku zote hupitwi na jambo la meno na gia.

— Nina kazi, nikasema.

Sikuwa na kazi. Nilikuwa nimeshika saa ya mkono ya mtu, kifuniko kimefungwa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja mwenye ovaroli, mikono myeusi mpaka viwikoni, chupa ya maji mkononi. Ndani ya chupa hayakuwa maji.

— Habari zenu. Mimi ndiye fundi wa giaboksi kule gereji. Nimeambiwa mwenye teksi anapatikana hapa.

— Ni mimi, dada, Mpole akasema, akasimama kama aliyeitwa shuleni.

— Kaa tu, kaka. Nimekuletea uione mwenyewe, usije ukadhani tunakudanganya.

Akampa ile chupa. Benchi letu lina desturi yake: kitu kikiletwa kinapita kwa kila mtu, kinanuswa, kisha kinahukumiwa. Mpole akanusa, akampa Mkasi, Mkasi akampa Profesa, Profesa akaniletea mimi mezani. Ilikuwa nyeusi, nzito, na inanuka sufuria iliyosahauliwa motoni.

— Hiyo ndiyo oili ya gia, akasema fundi. Ikiwa mpya ni nyekundu, unaona mpaka upande wa pili. Oili hiyo ndiyo inayosukuma, ndiyo inayopoza, ndiyo inayolainisha. Ikichoka, sahani za ndani zinasuguana mpaka zinaungua. Zako zimebaki bati tupu. Ilibadilishwa lini mara ya mwisho?

— Haijabadilishwa.

— Tangu ulinunue?

— Mwaka wa saba huu.

Fundi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

— Kitabu chake nimekikuta kwenye droo la gari. Kurasa zimegandana. Humo wameandika kila kitu, na kilomita wametaja. Haya, lilianza kusumbua lini?

— Kama miaka miwili. Ukiweka gia linatulia kwanza, ndipo linakamata. Halafu linashtuka.

— Wakati ule ungeleta, kaka. Unamwaga ya zamani, unabadilisha filta, unatia mpya, unapima injini ikiwa inanguruma. Kazi ya asubuhi moja. Sasa giaboksi hiyo hakuna cha kuokoa.

— Nilitaka kuleta, Mpole akasema. Oili nilikuwa nimeshanunua. Makopo manne. Mpaka leo yako chini ya kitanda. Mke wangu kila akifagia ananiuliza, baba watoto, haya makopo tunayafanyia nini.

— Sasa kwa nini hukuleta?

— Niliambiwa oili ya gia haiguswi. Ile ya zamani ndiyo inayoshikilia meno, ukiimwaga umemwaga gari.

— Nani alikwambia?

Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia. Mkasi akakumbuka ana wembe wa kubadilisha, akaingia kibandani. Profesa akafungua gazeti, lilelile alilokwisha kulimaliza. Mama Birika akalitikisa birika akasema kahawa imekwisha, na hakuna aliyekuwa ameomba nyingine.

Mpole akakitazama kikombe chake.

— Sikumbuki, dada. Ni zamani.

Anakumbuka. Alikuja hapa na kopo moja mkononi, jipya, akasimama mbele ya meza yangu, akaniuliza mimi. Nilikuwa na lenzi jichoni na wateja wawili wananitazama. Sikutaka kusema sijui. Nikasema oili ya gia haiguswi, na yale mengine yakajitunga yenyewe mdomoni. Nikaongeza kwamba mimi nafungua meno madogo kuliko punje ya mchele, gia ya gari itanishinda nini. Wateja wakacheka, Mpole akashukuru, akarudi na kopo lake nyumbani. Mwezi haukuisha nikamsikia Mkasi anawafundisha watu maneno yale kwenye kiti cha kunyolea, na mimi nikakaa kimya nikajisikia mtu.

Na mezani kwangu pana kibao, nimekiandika kwa mkono wangu: saa isiyosafishwa na kutiwa oili mpya kila miaka mitatu inakula meno yake. Fundi alikisoma wakati anachukua chupa yake. Akanitazama kidogo, akaaga, akaondoka.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilisimama kabisa, nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi.

Mpole akarudisha kikombe, akapangusa suruali.

— Ngoja nikamwone mgonjwa. Wodi wanawafungulia wageni saa sita, na kwa miguu ni mbali. Dakika, sasa hivi saa ngapi?

Mezani palikuwa na saa ishirini hivi, kila moja inasema lake. Yangu mwenyewe ilikuwa kwenye droo, imesimama tangu jana.

— Tano kasoro, nikamwambia. Utawahi.

— Asante, ndugu yangu.

Hakuangalia saa nyingine yoyote. Akaondoka.